Kipara Husomwa Ukingoni

Nilipiga magoti, nikashika ukoka pale kijani kilipoishia, nikavuta. Sikutumia nguvu. Bapa zima la nyasi liliinuka mkononi kama mkeka unaokunjwa, bila mzizi hata mmoja wa kulizuia. Udongo uliobaki wazi ulikuwa laini kama uliochekechwa, na ndani yake wamejikunja mabuu weupe, wanene, wenye vichwa vya kahawia, kila mmoja amepinda kama ndoana. Niliwahesabu. Katika mraba wa sentimita 30 kwa 30 walikuwa 14.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemwaga mbegu papo hapo. Zilichipua, zikasimama kama wiki mbili, zikanyauka. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Nikamwaga nyingine, nazo zikanyauka vilevile. Na hicho kilikuwa kipara kimoja tu, yaani mahali palipokosa kijani, kati ya vitano vilivyokuwa kwenye uwanja wetu mdogo wa nyuma ya nyumba. Vyote vitano nilikuwa navitibu kwa dawa moja: mbegu, samadi kidogo, maji, na kusubiri.

Uwanja ule nauthamini kwa sababu ya mama. Alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na alipoanza kusimama tena aliambiwa atembee kidogo kila siku. Ndani ya nyumba anachoka haraka. Kwenye nyasi, miguu mitupu, mkongojo mkononi, anatembea mpaka kwenye kiti chake na kurudi, na uso wake unachangamka. Lakini vipara vikilowa vinateleza, na vikikauka vinabaki na vijishimo vya kujikwaa. Kwa hiyo sikuwa natafuta bustani ya kupigwa picha. Nilitaka mahali ambapo mama anaweza kuweka mguu bila moyo wangu kunidunda.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kutunza viwanja vya mpira. Alikuja kumjulia hali mama, akanikuta nimesimama juu ya kipara na ndoo ya maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapo umepanda mara ngapi?"

"Mara mbili. Hii itakuwa ya tatu."

Mbegu hakuzitazama kabisa. Aliinama taratibu, akachokoa majani ya pembeni kwa ncha ya fimbo yake. "Wewe unatazama katikati," alisema. "Katikati pamekwisha kufa, hapana neno la kukuambia. Uliza ukingoni. Huko ndiko mambo bado yanaendelea."

Kuanzia siku hiyo sijapanda hata unyasi mmoja kabla ya kuukagua ukingo wa kipara kwa macho na kwa mikono. Ukiwa mkali kama uliokatwa kwa kisu, jambo la kwanza ninalolifikiria ni kitu kilichomwagika: petroli ya mashine ya kukatia nyasi, mbolea ya chumvichumvi iliyodondoka rundo, au dawa ya magugu. Pete ya nyasi ndefu zenye kijani cha kukoza kuzunguka kipara kidogo ni mkojo wa mbwa. Duara ambalo alfajiri, umande haujakauka, linaonyesha pete ya rangi ya moshi pembezoni mwake ni ugonjwa wa kuvu. Ukingo unaonyanyuka ukiuvuta ni mabuu. Na ule usioeleweka, ambao nyasi zinapungua kidogokidogo mpaka zinakwisha, huwezi kusema zimeishia wapi, mara nyingi ni kivuli au ardhi iliyoshindiliwa.

Lakini kuna swali linalotangulia hayo yote, nalo ni kama nyasi zimekufa kweli. Ukoka, kwa mfano, ukikosa maji au ukipatwa na baridi kali hugeuka rangi ya mabua makavu huku mashina yake ya chini ya ardhi yakiwa hai, yanangoja. Nyasi za nchi za baridi nazo hufanya hivyo wakati wa joto na ukame. Usiamue kwa kutazama rangi ya majani. Ng'oa shina moja, fuata mpaka pale linapogusana na udongo, lichane kwa ukucha. Likiwa jeupe, gumu na lenye unyevu ndani, lipo hai. Lipe maji wiki mbili kabla ya kuchukua jembe. Likiwa la kahawia na likavunjika kama kijiti cha kiberiti, limekwisha. Kwangu, kimoja kati ya vipara vitano kilikuwa hai tangu mwanzo. Kilikuwa kona ambayo mpira wa maji haukufika. Nilibadilisha tu mahali pa kusimama wakati wa kumwagilia, na siku kumi na mbili baadaye kona nzima ilikuwa imerudi. Niliumia nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimeshaanza kuilima.

Turudi kwa mabuu. Wale ni watoto wa mbawakawa. Hukaa sentimita chache chini ya ardhi wakila mizizi, na ndiyo maana ukoka ulinyanyuka kama mkeka. Mmoja au wawili katika mraba wa ukubwa ule si neno, nyasi yenye afya inawahimili. Wakifika kumi hivi ni lazima uchukue hatua, na ukiona ndege wanadonoadonoa sehemu moja kila asubuhi, usiwafukuze kabla hujaenda kutazama wanachokitafuta. Nilitumia minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ile ambayo wataalamu huiita nematodi, ya aina ya Heterorhabditis bacteriophora. Huingia ndani ya buu na kuliua, na haina madhara kwa mbwa wala kwa mtu anayetembea bila viatu, jambo ambalo kwangu lilikuwa la kwanza kabisa. Sharti zake ni mbili: udongo uwe umelowa kabla na baada, na kazi ifanywe jioni, maana jua huwaua. Baada ya wiki tatu nilichimba tena mraba mwingine. Nilikuta mabuu wawili tu. Hapo ndipo nilipolitandika upya lile bapa la nyasi lililokuwa bado na uhai, nikalikanyagia chini, nikalimwagilia kila siku kama mgonjwa aliyetoka hospitali.

Vipara vya mbwa vina uvumi mwingi kuliko vingine vyote. Utasikia kwamba mkojo wa jike ni mkali kuliko wa dume. Ukweli ni kwamba jike huchuchumaa na kumwaga wote mahali pamoja, na dume hugawa kidogokidogo kwenye miti na nguzo. Utasikia pia kwamba tatizo ni asidi, kwa hiyo nyunyiza magadi. Tafadhali usifanye hivyo. Kinachounguza nyasi ni naitrojeni nyingi pamoja na chumvi, ni sawa na kumwaga mbolea konzi nzima mahali pamoja, na magadi yenyewe ni chumvi ya sodiamu. Utakuwa umeongeza chumvi juu ya chumvi. Ile pete ya kijani pembeni ndiyo inayothibitisha: huko mkojo ulifika umepungua makali, ukawa mbolea. Dawa ni maji, na mapema. Nikimwona mbwa wetu ametoka kujisaidia, namwaga ndoo ya maji papo hapo. Kipara kilichokwisha kuungua nakimwagilia kwa wingi siku kadhaa ili chumvi ishuke chini, nakwangua majani makavu kwa reki, naongeza udongo mpya kidogo juu, basi. Ukoka wa pembeni, ambao umeshiba naitrojeni, hutambaa wenyewe na kufunika.

Kuvu sitakaa nako sana kwa sababu kwetu kulitokea mara moja tu, msimu wa joto na unyevunyevu, nami nilikuwa nimechangia kwa kumwagilia usiku. Majani yanayolala yamelowa usiku kucha wa joto ndiyo karamu ya ugonjwa huo. Nilihamishia umwagiliaji asubuhi mapema, nikaacha mbolea ya naitrojeni kwa muda, nikatoa nje ya uwanja majani niliyokata. Ukaishia hapo.

Kipara cha tatu kati ya vile vitano, baada ya cha mabuu na ile kona, kilinigusa kwa namna nyingine. Kilikuwa kirefu na chembamba, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha mama, na ukingo wake ulikuwa ule usioeleweka. Nilichukua bisibisi ndefu nikaisukuma ardhini kwa kiganja. Mita moja pembeni ilizama yote. Kwenye kile kipara iliingia sentimita mbili, ikakataa. Udongo unapokanyagwa mahali pale pale kila siku, vijinafasi vilivyo kati ya chembe zake hufungwa. Hewa haishuki, maji yanasimama juu au kukimbia, na mizizi inabaki juujuu ambako jua huichoma. Njia ile ilikuwa nyayo za mama. Mkongojo wake ulikuwa umeacha safu ya vitobo upande wa kulia, umbali sawasawa kati ya kimoja na kingine, na kadiri ulivyokaribia kiti vitobo vilikaribiana, maana hapo huwa amechoka.

Nilikaa chini pale kwa muda. Ningeweza kuilegeza ardhi kwa uma wa bustani, nikapanda, nikazungushia kamba na kumwambia azunguke. Lakini alikuwa amechagua njia fupi kuliko zote kwa sababu ndiyo aliyoiweza.

Kuna viwanja vya tenisi vya Wimbledon, London, ambavyo watu wengi wameviona kwenye televisheni. Tangu 2001 vinapandwa aina moja tu ya nyasi, ile iitwayo ryegrass ya kudumu, inayosifika kwa kuvumilia kukanyagwa, na wakati wa mashindano hukatwa kwa urefu wa milimita 8. Siku ya kwanza ni kijani kitupu. Mpaka wiki ya pili inakwisha, pale nyuma ambapo wachezaji husimama pamebaki udongo wa kahawia, na hilo linatokea mikononi mwa watu ambao kazi yao ya mwaka mzima ni nyasi hizo. Mashindano yakiisha, viwanja hupandwa mbegu upya na kupumzishwa miezi mingi. Nilipolifikiria hilo nikajua kwamba hakuna unyasi nitakaoupata mimi wa kuvumilia miguu ile ile, njia ile ile, kila siku bila likizo.

Kwa hiyo pale sikupanda nyasi kwanza. Nililaza mawe bapa, mapana, kwa umbali wa hatua ya mama na si yangu. Nilimpimia: alitembea, nami nikaweka alama ya chaki ya unga kila kisigino kiliposhuka. Kila jiwe nililizamisha kwenye kitanda cha mchanga mpaka uso wake ukawa sawa kabisa na ardhi, ili mguu usijikwae na mashine ya kukata nyasi ipite juu bila kugonga. Kati ya mawe ndipo nilipochimbua kwa uma, nikausukuma mpaka sentimita 10, nikautikisa mbele na nyuma bila kugeuza udongo, nikahama upana wa kiganja, nikarudia. Kisha nikafagilia mboji iliyochekechwa ikaingia kwenye vitobo. Ukoka ulijijaza wenyewe kati ya mawe, kwa sababu sasa hakuna anayeukanyaga.

Kipara cha chini ya mti nilikiacha. Nasema hivi bila kusononeka. Niliweka kigingi katikati yake, na kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni niliandika kila saa kama kigingi kilikuwa kwenye jua au kivulini. Jumla ilikuwa saa tatu za jua. Ukoka unahitaji angalau saa sita za jua kamili, na hata hapo unashindana na mizizi ya mti inayokunywa kutoka udongo ule ule. Ziko nyasi zinazostahimili kivuli zaidi, kama fescue za majani membamba kwenye maeneo ya baridi, au Stenotaphrum ya majani mapana kwenye maeneo ya joto, lakini saa tatu ni chache hata kwa hizo. Nilitandaza majani makavu na vipande vya magome, unene wa sentimita 7 hivi, nikaacha nafasi kuzunguka shina lenyewe ili gome lisioze. Mti umependeza kuliko wakati wowote.

Sasa nije kwenye kipara cha tano, ambacho kilinisumbua kuliko vingine vyote.

Kilikuwa na ukubwa wa ungo, lakini hakikuwa na umbo la duara, kilikuwa na kona na mikunjo. Ukingo wake haukunyanyuka ukivutwa. Haukuwa na pete ya kijani wala ya moshi. Ila niligundua kitu kimoja nilipoanza kukitembelea kila asubuhi: saa nne, wakati uwanja mzima bado una kijani kilichochangamka, majani ya ukingo wa kipara hiki yalikuwa yamegeuka rangi ya kijivu yenye ubuluu, na nikiyakanyaga yalibaki yamelala, alama ya mguu wangu inaonekana. Hiyo ni dalili ya nyasi zenye kiu. Lakini zilikuwa zimemwagiliwa pamoja na nyingine!

Nikaleta bisibisi. Iliingia sentimita sita, ikagonga. Ko. Nikahama kidogo. Ko. Nilitoboa kuzunguka mpaka nikapata pale ambapo ilizama, nikaweka kijiti, nikaendelea. Vijiti vilipokamilika vilichora umbo lile lile la kipara, kona kwa kona.

Chini kulikuwa na bamba la saruji. Waliojenga nyumba walichanganyia saruji pale pale chini, kazi ilipokwisha wakatandaza udongo juu, wengine wakapanda nyasi juu ya udongo. Lilikuwa na unene wa kiganja kilichosimama kwa ubavu, na kwenye uso wake ilibaki michirizi ya koleo, mipya kana kwamba aliyeipiga ameenda kunawa mikono. Ndani yake kulikuwa na msumari uliopinda na kipande cha mfuko wa nailoni. Mizizi ya ukoka ilikuwa imeshuka sentimita sita, ikakuta ukuta, ikageuka na kutambaa juu yake pande zote, imesukana kama nyuzi za gunia. Ilikuwa imejaribu kila upande. Mbegu zangu zote nilizomwaga pale zilikuwa zinashushwa kwenye sahani.

Kulitoa kulichukua asubuhi mbili, mtaimbo na toroli. Udongo uliokuwa ukigusana na saruji niliuondoa pia, kwa sababu chokaa ya saruji huufanya udongo uwe na alkali kupita kiasi na nyasi hushindwa kunyonya madini ya chuma, zikawa za njano. Chini ya shimo nilichimbua kwa uma sentimita 15 nyingine, kisha nikamwaga ndoo mbili za maji nikatazama. Yalizama yote kabla sijamaliza kunawa. Laiti yangesimama, ningeendelea kuchimbua.

Udongo wa kujazia niliuchukua kwenye kitalu cha nyuma, ndani ya uwanja ule ule. Hili nalisisitiza. Nilikuwa na gunia la udongo mzuri mweusi wa kununua, mwepesi, wa kupendeza mkononi, na nilitamani sana kuutumia. Lakini maji hayapiti kwa urahisi kutoka udongo wa aina moja kwenda wa aina nyingine. Husimama pale zinapokutana, na mizizi nayo husita. Shimo lililojazwa udongo tofauti na wa jirani zake huwa kama chungu kilichofukiwa. Kwa hiyo nilitumia udongo wetu wenyewe, nikachanganya na mboji sehemu moja kwa sehemu nne. Mboji iliyoiva, isiyo na joto wala harufu. Samadi mbichi huunguza na huleta mbegu za magugu. Nilijaza tabaka la sentimita 5, nikakanyaga kwa nyayo bila kushindilia, nikamwagia maji, tabaka lingine, mpaka juu. Nikaacha siku mbili ujikalishe. Ulishuka, nikaongeza, nikauacha ukiwa juu ya usawa wa pembeni kwa sentimita moja, maana huendelea kushuka.

Kisha ukingo. Nyasi zilizobaki pembeni zilikuwa dhaifu kwa miaka ya njaa, na mshono ukiufunga kwenye kitambaa kilichochakaa hauwezi kushika. Nilikata kwa koleo lenye makali upana wa kiganja kuelekea nje, mkato ulionyooka kwenda chini, mpaka nikafika kwenye ukoka uliojishikiza vizuri kiasi kwamba nikiuvuta majani yanakatika na mizizi inabaki.

Ukoka una heri moja: huhitaji mbegu. Pembezoni mwa vitalu vya maua, ambako huvamia kila mwaka, nilichomoa mashina marefu yanayotambaa, nikayakata pingili, kila moja na vifundo vitatu au vinne. Niliziweka ndani ya gunia lililolowa, kivulini, na kuzipanda siku ile ile. Pingili iliyoachwa juani saa moja yaweza kuwa imekufa hata kama bado ni ya kijani. Nilichora mifereji ya kina cha sentimita 5, umbali wa sentimita 15 kati ya mmoja na mwingine, nikalaza kila pingili ili vifundo viwili viwe chini na ncha yenye majani ibaki juu. Nikafukia, nikakanyaga, nikamwagilia mpaka udongo ukang'aa.

Siku ya sita sikuweza kuvumilia. Nilifukua pingili moja kwa kidole. Kifundo kilikuwa kimevimba na kupasuka ganda lake, na chini yake umetoka mzizi mmoja, mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, urefu wa ukucha, na chembe za udongo zimeshaung'ang'ania. Upande wa juu wa kifundo hicho hicho jani lilikuwa bado limeviringika, ncha yake kali kama sindano. Nikaifukia haraka, nikaomba msamaha kwa sauti.

Wakati huo mashina kutoka ukingoni nayo yalianza kuingia. Shina linalotambaa hewani halioti mizizi, ni lazima kifundo kiguse udongo wenye unyevu. Nilipinda vipande vya waya mfano wa pini za nywele, nikawa nayabana chini kila sentimita 10. Ni kazi ya dakika tano kila asubuhi, na sioni mtu akiisema, lakini kwangu ndiyo iliyofunga kipara mapema.

Kama nyasi zako si za kutambaa, hesabu hubadilika. Ryegrass na fescue ndefu hukua kwa kujikusanya shinani, ukingo wake hauwezi kuvuka kwenda katikati, kwa hiyo ni lazima mbegu. Ryegrass huchipua siku 5 hadi 10, fescue ndefu siku 7 hadi 14, na ile iitwayo Kentucky bluegrass yaweza kukuweka roho juu wiki tatu hata nne. Zote hupenda udongo wenye nyuzi joto 10 hadi 18. Mbegu za ukoka zinataka joto zaidi ya hapo. Tafuta aina ile ile iliyopo, la sivyo utabaki na kiraka cha rangi nyingine. Usifukie zaidi ya nusu sentimita, kandamiza kwa ubao ili mbegu ishikane na udongo, na usiruhusu uso wa udongo ukauke mpaka zichipue, hata kama ni kunyunyiza mara tatu kwa siku. Uwanja uliopigwa dawa ya kuzuia magugu yasiote hautaotesha mbegu zako pia, kwa wiki nyingi. Dawa haijui kutofautisha.

Na zijaribu mbegu kabla ya kuzimwaga. Ile pakiti niliyouziwa mara ya pili ilikuwa imefutika tarehe. Baadaye nilizipanga mbegu 50 zilizobaki juu ya kitambaa kibichi, nikakikunja, nikakiweka mahali pa joto. Baada ya wiki tatu zilikuwa zimechipua 11. Aliyeniuzia alisema mbegu haziozi. Haziozi, lakini zinazeeka.

Vijitawi vilipokamata ardhi nilianza kupunguza siku za kumwagilia na kuongeza kina. Uwanja uliokomaa unahitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki, pamoja na mvua. Napima kwa kopo tupu lililonyooka pande zote, nikiliweka katikati ya nyasi. Maji ya kila siku, kidogokidogo, huifundisha mizizi kukaa juu. Mara ya kwanza kukata nilisubiri nyasi zizidi urefu wa kawaida kwa theluthi, nikanoa kisu cha mashine, nikapunguza theluthi hiyo tu. Kisu butu kingezing'oa.

Wiki ya tisa kipara kilifunga. Rangi yake bado imefifia kidogo ukilinganisha na pembeni, anayejua pa kutazama ataiona.

Juzi mama alikuwa akirudi kutoka kwenye kiti. Aliacha mawe, akakata kwenye nyasi, mimi nikiwa nyuma yake hatua mbili. Alifika pale, akasimama, akaegemea mkongojo, akasuguasugua nyayo kwenye ukoka.

"Hapa pana ubaridi kuliko kule," alisema.

Ilikuwa saa nane mchana. Niliinama nikaweka kiganja. Kweli palikuwa na ubaridi. Mahali palipokuwa pakiungua kuliko pote sasa palikuwa na maji chini. Nilikwenda ndani kuchukua bisibisi, nikarudi, nikaisukuma. Ilizama mpaka mpini.